Mshipa, Ugwe na Neva: Tishu ya Neva Chini ya Hadubini na Suala la Majina Yake

Utangulizi

Neno mshipa ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyobebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi. Damu hupita katika mshipa. Mwanariadha akivuta mguu vibaya huambiwa mshipa umemkaza. Jino likiuma mpaka sikioni, husemwa kuwa ubaya umeingia kwenye mshipa. Mwanamume aliyevimba kinenani husemekana ana mshipa, na mtu asiyejua haya tunasema hana mshipa wa aibu. Katika matumizi hayo mwanafunzi wa anatomia ataona angalau viungo vitatu visivyofanana kwa umbo wala kwa kazi: bomba lenye uwazi ndani linalopitisha damu, ukano unaofunga msuli kwenye mfupa, na uzi usio na tundu unaopeleka habari mwilini. Makala haya yanahusu hicho cha tatu.

Makala yanadhamiria kueleza tishu ya neva jinsi inavyoonekana chini ya hadubini: seli zake ni zipi, zimeumbwaje, zimepangwaje, na zilipataje majina. Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini maabarani. Ifahamike kwamba historia ya tishu hii, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya ubishi kuhusu namna ya kusoma picha, kuhusu lugha inayostahili kuandikiwa sayansi, na kuhusu namna ya kubuni istilahi. Hayo ni mambo tunayoyajadili katika idara zetu kila muhula, ila kwa mifano mingine.

Jikoni Abbiategrasso

Nadharia ya seli ilienezwa na Matthias Schleiden na Theodor Schwann kati ya mwaka wa 1838 na 1839. Ilisema kuwa kila kiumbe hai kimejengwa kwa seli, na kila seli ni chumba chenye mipaka yake. Ngozi, msuli, ini na damu zilikubali maelezo hayo bila taabu kubwa. Ubongo ulikaidi. Si kwamba hapakuwa na watu wa kuuchungulia. Mwaka wa 1837 Jan Purkinje alikwisha kueleza seli kubwa zenye umbo la chupa katika ubongo mdogo, ile sehemu iliyoko kisogoni. Naye Otto Deiters, ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka wa 1865 baada ya kifo chake, alizichambua seli mojamoja kwa sindano nyembamba na kutambua kuwa kila seli ina matawi mengi yanayogawanyika, pamoja na uzi mmoja wa pekee usiofanana na matawi hayo. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyejua matawi hayo yanaishia wapi. Ubongo mbichi ni laini kama uji ulioganda. Ukikatwa vipande vyembamba hauna rangi ya kutofautisha kitu na kitu, na ukitiwa rangi ya kawaida kila kitu hukolea kwa pamoja, hata jicho likaona kichaka kisicho na mwanzo wala mwisho.

Mwaka wa 1873 daktari Mwitaliano, Camillo Golgi, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona katika mji wa Abbiategrasso, karibu na Milan. Hakuwa na maabara. Aligeuza jiko kuwa maabara, na humo akagundua njia aliyoiita mmenyuko mweusi. Alikigandisha kipande cha ubongo katika mmumunyo wa dikromati ya potasiamu, kisha akakitia katika naitreti ya fedha. Chumvi nyeusi ikajaa ndani ya baadhi ya seli, kutoka mwilini hadi kwenye ncha ya kila tawi, huku mandhari ya nyuma yakibaki ya manjano.

Jambo la ajabu katika njia hii ni kwamba ubora wake unatokana na upungufu wake. Mmenyuko huo huzitia weusi seli chache tu, pengine moja tu au kadhaa katika kila mia, na zile nyingine zote huachwa wazi kama kwamba hazipo. Hadi leo sababu ya kuchagua hii na kuiacha ile haijaelezwa kikamilifu. Lakini fikiria mtu anayetaka kuchora mti mmoja katikati ya msitu wa Kakamega. Akiuona msitu mzima haoni mti. Miti mingine yote ikitoweka kwa muda na mmoja ukasalia, ataweza kuuchora pamoja na mizizi yake. Golgi aliipata nafasi hiyo. Hata hivyo, alipouchora mti wake aliona matawi yake yakishikana na ya jirani, akasadiki kwamba mfumo mzima wa neva ni wavu mmoja ulioungana, na kwamba si sahihi kuzungumzia seli zinazojitegemea.

Seli yenyewe

Seli kuu ya tishu hii huitwa niuroni. Mwili wake unaweza kuwa na upana wa mikromita 4 hivi kwa zile ndogo kabisa, hadi mikromita 100 kwa zile kubwa, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndani ya mwili huo kuna kiini kikubwa cha mviringo, cheupe, chenye doa moja jeusi katikati. Vitabu vya histolojia hukifananisha na jicho la bundi, na yeyote aliyewahi kutazamana na bundi usiku ataukubali mfano huo.

Ukiitia seli hiyo rangi za anilini, kama alivyofanya Franz Nissl katika miaka ya 1880, mwili wake hujaa mabonge meusi. Wazungu waliyafananisha mabonge haya na milia ya simbamarara. Kwetu sisi ingefaa zaidi kusema madoadoa ya chui, kwa kuwa mnyama huyo tunamjua na kwa kuwa, kusema kweli, yanaonekana zaidi kama madoa kuliko milia. Leo inajulikana kuwa mabonge hayo ni mikusanyiko ya ribosomu na utando wake, yaani karakana za kutengeneza protini. Seli yenye karakana nyingi kiasi hicho ina kazi kubwa ya kulisha. Uzi wake ukikatwa, mabonge husambaratika na kiini husukumwa pembeni. Mtaalamu akiona hali hiyo katika kioo cha hadubini hutambua kwamba mahali fulani mbali na hapo pametokea jeraha.

Kutoka katika mwili wa seli hutoka matawi ya aina mbili. Dendriti ni nyingi, nene zinapoanzia na nyembamba zinapoishia, zenye kugawanyika kama matawi ya mkwaju. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mti. Katika seli nyingi dendriti zimejaa vimiiba vidogo mno. Golgi aliviona vimiiba hivyo akavipuuza, akidhani ni takataka za chumvi ya fedha. Aina ya pili ni aksoni, nayo huwa moja tu kwa kila niuroni. Aksoni ni laini, ina unene ule ule kwa sehemu kubwa ya urefu wake, na haina madoa ya Nissl hata kidogo. Kwa jumla dendriti hupokea habari na aksoni huipeleka mbele.

Urefu wa aksoni ndio unaomshangaza mwanafunzi. Niuroni inayosukuma misuli ya wayo ina mwili wake ndani ya uti wa mgongo, kiunoni, na aksoni yake hushuka hadi mguuni, masafa ya takriban mita moja kwa mtu mrefu. Kama mwili wa seli hiyo ungekuzwa ukawa sawa na balungi la sentimita kumi, aksoni yake ingekuwa na urefu wa kilomita moja. Na kwa kuwa karakana za protini ziko katika mwili wa seli, karibu kila kitu kinachohitajika kule nchani husafirishwa kupitia ndani ya uzi huo. Mizigo ya kasi husafiri kiasi cha milimita 400 kwa siku. Hivyo mita moja huchukua siku mbili na nusu. Mizigo ya polepole, ambayo ndiyo mingi, huenda milimita chache tu kwa siku.

Kwa mujibu wa umbo, niuroni nyingi zina dendriti kadhaa na aksoni moja. Zipo zenye matawi mawili tu, moja kila upande, kwa mfano katika retina ya jicho na katika ngozi ya pua inayonusa. Zile za hisi, ambazo miili yake imekusanyika katika vifundo vilivyo kandokando ya uti wa mgongo, zina shina moja linalogawanyika mara mbili: tawi moja kuelekea kwenye ngozi, jingine kuingia katika uti.

Hapa panahitaji mfano wa maisha, kwa sababu urefu huu una gharama. Niuroni ndefu kuliko zote ndizo za kwanza kuathirika katika ugonjwa wa kisukari, na ndiyo maana ganzi ya kisukari huanzia kwenye vidole vya miguu kabla ya kufika mikononi. Shangazi yangu, mkulima mwenye umri wa miaka sitini na ushei, alianza kufa ganzi nyayo. Katika kituo kimoja cha afya aliambiwa kwamba mishipa ya miguu yake imeharibika. Kauli hiyo ilikuwa sahihi kwa aliyeitoa, maana alikusudia neva. Shangazi alisikia damu. Alirudi nyumbani akaanza kuloweka miguu katika maji ya moto kila jioni ili damu ifunguke, na maadamu nyayo zake hazikuhisi moto, hakujua kwamba maji yale yalikuwa yakimwunguza. Vidonda vilichukua miezi mitano kupona. Msomaji anayeona kuwa suala la istilahi ni anasa ya wanaisimu na awafikirie watu wa umri na hali ya shangazi yangu wanaopanga foleni katika vituo vya afya nchini.

Mtu aliyeandika katika lugha isiyosomwa

Turejee kwenye ubishi wa wavu. Mwaka wa 1887 daktari Mhispania, Santiago Ramón y Cajal, alionyeshwa mjini Madrid vipande vilivyotiwa weusi kwa njia ya Golgi. Alistaajabu kwamba njia ile ilikuwa imekaa takriban miaka kumi na minne bila ya kushika Ulaya. Alipohamia Barcelona aliiboresha kwa kuirudia mara mbili juu ya kipande kimoja. Isitoshe, alichagua ubongo wa vifaranga ambao hawajaanguliwa na wa wanyama wachanga, ambako matawi ni mafupi na bado hayajavikwa ganda la mafuta. Hapo kichaka kilikuwa chepesi. Aliona aksoni zikifika kwenye miili ya seli za Purkinje, zikaizunguka kama kikapu, kisha zikaishia hapo. Hazikuungana. Vimiiba vile alivyovipuuza Golgi yeye alivichora kimoja kimoja.

Cajal alichapisha matokeo hayo mwezi wa Mei 1888 katika jarida alilolianzisha na kuligharamia mwenyewe, kwa Kihispania. Lugha za sayansi wakati huo zilikuwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Kihispania, pamoja na ukubwa wake wa dola na fasihi, hakikuwa na msomaji katika maabara za Ulaya ya kaskazini. Mwaka uliofuata, 1889, alisafiri hadi Berlin kwenye mkutano wa chama cha wanaanatomia wa Ujerumani akiwa na vioo vyake, akajieleza kwa Kifaransa cha kubabaisha, na kuwaita wakubwa wachungulie wenyewe. Aliyechungulia na kusadiki alikuwa Albert von Kölliker, mwanahistolojia mashuhuri kuliko wote waliokuwapo. Inasimuliwa kwamba mzee huyo, aliyekuwa amepita miaka sabini, alijifunza Kihispania ili asome maandishi ya Cajal.

Kisa hiki hupendwa na watetezi wa lugha, nami si mmoja wa wanaokichukia. Lakini tusikitumie vibaya. Kölliker hakujifunza Kihispania kwa sababu ya hotuba kuhusu hadhi ya Kihispania. Alijifunza kwa kuwa katika lugha hiyo kulikuwa na jambo ambalo halikupatikana kwingine. Tena Cajal mwenyewe hakungoja dunia ije kwake: baadaye alihakikisha kazi zake zinatolewa kwa Kifaransa pia. Katika vyama vyetu tunazungumza mno juu ya Kiswahili kuweza kubeba sayansi, na tunaandika sayansi kidogo mno kwa Kiswahili.

Mwaka wa 1891 Mjerumani Wilhelm Waldeyer alikusanya ushahidi wa Cajal na wa wengine, akatangaza kuwa mfumo wa neva, kama tishu nyingine yoyote, umejengwa kwa seli zinazojitegemea. Ndiye aliyeipa seli hiyo jina la niuroni. Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kusimama kidogo. Neno hilo la Kiyunani halikuwa na maana ya seli wala ya fahamu. Maana yake ya kwanza ilikuwa ukano, na pia ugwe wa upinde. Neno la Kilatini lililozaa neva lilikuwa na maana hizo hizo. Kwa maneno mengine, Wayunani na Warumi wa kale, walipofungua mwili na kuona nyuzi nyeupe, walichanganya ukano na neva vile vile anavyochanganya mzee wa Lamu au wa Taveta anapoviita vyote mshipa. Kwa hivyo ule upana wa maana ya mshipa si dalili ya uchanga wa Kiswahili. Tofauti ni kwamba lugha nyingine zilichukua neno pana, zikalibana kwa maafikiano, na zikalifundisha shuleni.

Mwaka wa 1906 Golgi na Cajal walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa pamoja. Golgi aliutumia mhadhara wake kushambulia nadharia ya niuroni, na Cajal alipopanda jukwaani siku iliyofuata aliitetea.

Mwanya

Kama seli haziungani, habari hupitaje? Mwaka wa 1897 Charles Sherrington alipaita mahali zinapokaribiana sinapsi, ingawa hakuna aliyewahi kuuona mwanya wenyewe kwa jicho. Hadubini ya kawaida haiwezi. Ilibidi kungoja hadubini ya elektroni katika miaka ya 1950, na ndipo ilipothibitika kuwa kati ya ncha ya aksoni na seli inayopokea kuna nafasi ya takriban nanomita 20, yaani nyembamba kuliko unywele zaidi ya mara elfu mbili. Nchani mwa aksoni kuna vifuko vidogo vya duara vilivyojaa kemikali. Mpigo wa umeme ukifika, vifuko hupasukia mwanyani, na kemikali huvuka na kuiamsha au kuituliza seli ya pili. Ni haki kuongeza kuwa Golgi hakukosa kwa kila kitu: ziko sinapsi za umeme ambamo seli mbili hupakana kwa vijitundu vinavyopitisha chaji moja kwa moja, na mwaka wa 2023 watafiti walieleza wanyama wadogo wa baharini wa kundi la ktenofora ambao sehemu ya neva zao imeungana kweli kama wavu.

Kutuliza ni kazi sawa na kuamsha, nasi hapa Afrika Mashariki tunaijua kwa njia ya huzuni. Bakteria wa pepopunda wakiingia katika kidonda, au katika kitovu cha mtoto kilichokatwa kwa wembe mchafu, hutoa sumu inayoingia katika ncha za neva za misuli. Sumu hiyo hupanda ndani ya aksoni, kinyume cha mkondo, hadi kwenye uti wa mgongo, na huko huvizuia vifuko vya seli zile za kutuliza visipasuke. Niuroni za misuli zikabaki bila wa kuzizuia. Taya hufungana na mgongo hupindika kama upinde. Jina la ugonjwa huu lina pepo ndani yake, na aliyewahi kumwona mgonjwa akikakamaa kwa sababu tu mlango umefungwa kwa kishindo haoni ajabu kwamba wahenga walidhani kuna mwingine aliyemwingia.

Virusi vya kichaa cha mbwa hupita njia hiyo hiyo ya kupanda aksoni. Kwa sababu hiyo jeraha la usoni ni la hatari ya haraka zaidi kuliko la mguuni, na kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kisha kukimbilia chanjo kuna maana: ni mbio dhidi ya kitu kinachosafiri kwa mwendo unaojulikana. Alama za virusi hivyo ndani ya niuroni zilielezwa mwaka wa 1903 na Adelchi Negri, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Golgi huko Pavia.

Zile zilizodhaniwa kuwa gundi

Niuroni ni takriban nusu tu ya habari, kwa hesabu halisi. Mwaka wa 2009 watafiti wa Brazil, akiwamo Suzana Herculano-Houzel, walitangaza kuwa ubongo wa mtu mzima una wastani wa niuroni bilioni 86 na seli zisizo niuroni bilioni 85. Kabla ya hapo vitabu vingi vilirudia kwamba seli hizi za pili ni mara kumi ya niuroni. Ilikuwa kauli iliyonakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu.

Nyingi kati ya seli hizo za pili huitwa glia, jina lililotolewa na Rudolf Virchow mwaka wa 1856, na maana yake ni gundi. Virchow alidhani kuna dutu inayoshikanisha niuroni tu. Kumbe kuna seli za aina kadhaa zenye kazi tofauti. Astrositi zina umbo la nyota, na miguu yake hukanyaga vijishipa vya damu na kushiriki katika kulinda kinachoingia ubongoni. Seli za ependima zimejipanga kama vigae katika kuta za mashimo ya ubongo, nyingi zikiwa na vinyweleo vinavyosogeza maji. Kisha kuna mikroglia, ambazo Pío del Río Hortega, aliyekuwa mwanafunzi katika shule ya Cajal, alizitenga na nyingine mwaka wa 1919. Hizi asili yake si tishu ya neva. Ni wahamiaji kutoka katika jamii ya seli za kinga, walioingia ubongoni mimba ikiwa changa, wakalowea huko. Kazi yao ni kushika doria na kula mabaki.

Aina inayostahili maneno zaidi ni ile inayovika aksoni ganda la mielini. Katika ubongo na uti wa mgongo kazi hii hufanywa na oligodendrositi, na moja huweza kuhudumia aksoni nyingi kwa mikono yake mingi. Nje ya hapo hufanywa na seli za Schwann, na kila moja huhudumia kipande kimoja cha aksoni moja, chenye urefu wa takriban milimita moja au pungufu. Seli hujiviringisha kuizunguka aksoni mara nyingi, kama mkeka unavyokunjwa, hadi kila kitu kikakamuliwa isipokuwa tabaka za utando wenye mafuta. Kati ya kipande na kipande huachwa pengo dogo linaloitwa fundo la Ranvier. Mpigo wa umeme huruka kutoka fundo hadi fundo, na kwa njia hiyo hufikia kasi ya hadi mita 120 kwa sekunde. Aksoni zisizo na mielini huenda kwa mita moja au mbili, pengine nusu mita tu. Ndiyo sababu ukijikwaa kidole huhisi kwanza kwamba umegonga kitu, kisha, baada ya kitambo, maumivu yenyewe huwasili.

Mwaka ule ule wa 1873 Golgi alipoutangaza mmenyuko wake, Gerhard Armauer Hansen aliutambua mjini Bergen, Norwe, vijidudu vya ukoma. Vijidudu hivyo hupenda kukaa ndani ya seli za Schwann, hasa katika neva zilizo karibu na ngozi ambako mwili una baridi kidogo. Ganda huharibika, hisi hupotea. Vidole havikatiki kwa kuliwa na ukoma kama inavyosemwa mitaani. Huumizwa na sufuria, jembe na moto ambavyo mwenye mkono hakuvihisi, kidonda juu ya kidonda, hadi mfupa ukapungua. Huko Alupe, Busia, palikuwa na kituo cha utafiti wa ukoma kwa ajili ya Afrika Mashariki yote, na ugonjwa huo leo hutibika kwa mseto wa dawa. Lakini katika fasihi yetu simulizi mkoma bado ni mtu aliyelaaniwa. Mhakiki anayesoma ngano hizo angefaidika kujua kwamba kilichougua ni utando unaozunguka uzi.

Kutoka uzi hadi kamba

Neva unayoweza kuishika kwa koleo la daktari si uzi mmoja. Ni kamba. Kila aksoni ina ala yake nyembamba, aksoni nyingi hufungwa pamoja kuwa fungu lenye ala ya pili iliyo imara, na mafungu hayo hufungwa na ala ya tatu ya nje, pamoja na vijishipa vya damu vinavyolisha yote. Aliyewahi kusokota kamba ya makumbi huko pwani hahitaji mchoro.

Ukikata uti wenyewe kwa upana utaona sehemu ya kijivu katikati, yenye umbo la kipepeo, ikizungukwa na sehemu nyeupe. Weupe ni wa mafuta ya mielini, yaani hapo aksoni zinapita. Ukijivu ni wa miili ya seli na dendriti. Katika mbawa za mbele za kipepeo ndimo zinamokaa niuroni kubwa za misuli, na ndizo zinazouawa na virusi vya polio. Katika ubongo mpangilio hugeuka: ukijivu uko nje, katika gamba lenye unene wa milimita 2 hadi 4, ambalo kwa sehemu kubwa lina matabaka sita. Ubongo mdogo una matabaka matatu, na la kati ni safu moja tu ya zile seli za Purkinje. Ingawa sehemu hii ni takriban moja ya kumi ya uzito wa ubongo, ina niuroni bilioni 69 kati ya zile 86.

Majina

Kiswahili kina vyanzo vya istilahi za fani hii. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990. Nchini Kenya, hata hivyo, biolojia hufundishwa kwa Kiingereza, na kamusi hiyo huonekana zaidi katika rafu za idara za Kiswahili kuliko mikononi mwa wauguzi.

Kwa maoni yangu, majina ya seli zenyewe yabaki ya kutoholewa: niuroni, aksoni, glia. Kuna wanaopendekeza majina ya kueleza kazi, kwa mfano kuziita glia seli za gundi au seli tegemezi. Kosa la Virchow linatuonya hapa, kwa kuwa alitoa jina kwa kazi aliyoidhania, na kazi ikageuka jina likiwa limekwisha kuganda. Jina la kutoholewa halidai lolote, hivyo haliwezi kukanushwa.

Kwa mgonjwa, mambo ni mengine. Neva halina budi kuelezwa, na mshipa wa fahamu, ingawa umezoeleka, unarudi kule kule kwenye damu. Hata fahamu yenyewe humpeleka msikilizaji kwenye kuzirai. Uti wa mgongo nao ni mfupa kwa mmoja na kilicho ndani ya mfupa kwa mwingine. Lugha yetu ina neno ugwe, lenye maana ya uzi au kamba nyembamba, ambalo ni jirani wa karibu wa lile la Kiyunani. Ugwe wa mgongo ungetosha kwa kile kilicho ndani ya mfupa. Ugwe wa hisi ungetosha kwa neva iliyokufa nyayoni mwa mwenye kisukari, na muuguzi angeweza kuongeza sentensi moja: damu inafika, ila mguu hausikii, kwa hivyo pima maji kwa kiwiko kabla ya kuutia.